Vioo vya Damu ya Mofu

Mofu, 30 Mei 1905

Bwana Mganga, shikamoo.

Basi watu wa kijiji wakakusanyika wote chini ya dungu letu la kulindia mpunga. Maji bado yapo pale mpaka magotini, kwa hiyo wengine walikaa ndani ya mitumbwi yao, wakaniambia, andika. Nikasema niandike nini. Mzee Kiponza akasema, mwandikie Bwana Kidole aturudishie damu yetu.

Samahani Bwana, ndilo jina lako huku, tangu mwaka jana ulipotuchoma vidole na kuweka tone la kila mtu juu ya kioo, na mimi nikaandika jina lake pembeni.

Sababu ni hii. Amekuja mtu kutoka mashariki ana dawa. Ukiitazama ni maji tu, ndani yana punje za mtama. Anayenyunyiziwa hapati dhara. Nguruwe pori hawaingii shambani kwake, ndege hawagusi mpunga wake. Watu wa vijiji vyote wanamfuata. Lakini alipofika kwetu akasikia habari ya vioo, akafunika kibuyu chake. Amesema mtu ambaye damu yake iko mbali naye, maji hayamshiki, yanateleza kama umande kwenye jani la gimbi. Akaondoka.

Bwana, unamkumbuka kaka yangu Ligonja, yule mrefu aliyecheka alipochungulia kwenye chombo chako. Siku ile hakuna aliyetaka kutoa kidole. Uliniambia niwaombe watu, na mimi sauti haikutoka. Unajua mimi mbele ya watu nakuwa kama samaki. Ligonja ndiye aliyetoka mbele. Kwetu mkubwa hutangulia kuingia majini. Tukivuka bonde wakati wa mafuriko yeye yuko mbele na pondo anapima kina, mimi niko nyuma nimeshika nguo yake. Akasema, nichome mimi, mdogo wangu asiaibike. Wengine wakamfuata.

Sasa hasemi na mimi. Anakula amenipa mgongo.

Kama vioo vimekwisha kazi, nakuomba uvitume.

Ni mimi Polikarpo, uliyeniachia chupa ya vidonge vya homa.


Dar es Salaam, 20 Juni 1905

Rafiki yangu Polikarpo,

Barua yako imefika inanuka moshi wa samaki. Niliinusa kabla sijaisoma, nikaliona bonde lote: maji yaliyolala kimya, madungu yamesimama juu ya miguu yao mirefu kama korongo, na wewe ukiandika majina ya watu huku ulimi umeutoa nje kidogo. Kiswahili changu bado kinatembea na fimbo, nivumilie.

Inanibidi niseme hapana, lakini wewe ni mtu wa kuambiwa sababu.

Baba yangu alikuwa mwoka mikate. Nilipokuwa kijana ninasoma uganga, kipindupindu kiliingia katika mji wetu. Walimu walikaa na maiti, mimi wakanituma barabarani. Nilipiga hodi mlango kwa mlango nikiuliza: nani ameugua hapa, alikunywa maji ya wapi, alilala karibu na nani. Ndipo nilipoona kwamba ugonjwa una njia zake kama mtu anavyokuwa na njia zake. Unatoka, unatembelea, unarudi nyumbani. Tangu hapo kazi yangu ni kuzifuata njia hizo, katika meli na katika bandari, na mara zote aliyeandikwa jina juu ya kazi alikuwa mkubwa wangu.

Sasa chuo kikuu kimoja kwetu kinatafuta profesa wa magonjwa ya kuambukiza. Wamenipa nafasi ya kusimama mbele yao mwezi wa kumi. Nitawaonyesha Mofu. Katika vioo vyenu, damu ya watoto imejaa vijidudu vya homa. Watu wazima wanavyo vichache, na wanalima, wanavua, wanacheka. Mwili wa mtu wa Mofu umesoma ugonjwa huo mpaka umeujua. Hili hakuna aliyelionyesha namna hii, na bila vioo mimi ni mtu anayesimulia ndoto yake kwa watu waliokwisha kula. Meli yangu inaondoka Septemba.

Waambie wazee kwamba tone lile limekauka. Halina uhai tena.

Nieleze zaidi juu ya maji hayo. Wanaoyanywa hupona homa? Yanachemshwa? Hii inanivutia sana.

Nimekutumia vidonge vingine.

Rafiki yako,
Daktari Lothar Wiesner


Mofu, 8 Julai 1905

Bwana Mganga, shikamoo.

Tarishi alinikuta mtoni. Nilitaka niisome barua peke yangu kwanza, lakini watu walikwisha mwona, wakaja mbio, na huku msomaji ni mimi tu. Nikasimama, nikaifungua. Nikasoma habari ya baba yako na mikate, wakapenda. Nikasoma habari ya kipindupindu, wakasema huyu amekwenda milango mingi kweli. Mzee Kiponza akauliza, hiyo kazi anayoitaka, ni kama ujumbe, ule ukubwa wa kijiji? Nikasema nadhani ni kama ujumbe, lakini wa magonjwa. Akasema, basi atakuwa na watu wengi.

Halafu nikafika pale uliposema hapana. Nikasoma hivyo hivyo.

Ligonja akasema, “Soma tena hapo.”

Nikasoma tena.

“Kwa hiyo damu yangu itapanda meli,” akasema. “Mimi mwenyewe sijafika hata Kilosa.”

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akaingia kwenye mtumbwi wake, akakaa katikati ya mto bila kuvua, mpaka jua likashuka nyuma ya milima.

Uliuliza juu ya maji. Hayachemshwi. Sijaona aliyepona homa. Sitaki kusema mengi juu ya hayo Bwana, nisamehe.

Nitakwambia juu yetu tu. Vijana wa Namawala, kijiji jirani, wakipita na mitumbwi wanatuita watu wa vioo. Wanasema, shikeni vizuri, msije mkavunjika. Wao wamenyunyiziwa, wamejifunga mabua ya mtama kichwani. Sisi tunapiga makafi kimya kama tumefiwa. Mke wa Ligonja, shemeji Emerensiana, ana mimba ya kwanza. Wanawake wenzake wanamwambia mtoto atazaliwa anaonekana mpaka ndani.

Na mimi naota. Naota sanduku lako liko wazi juu ya meza, vioo vimejipanga, kila kimoja kina mwezi mdogo mwekundu. Inaanza kunong'ona, kila mwezi kwa sauti ya mwenyewe. Wa Ligonja unasema, mdogo wangu, maji hapa yana kina gani? Mimi sina pondo. Nikiamka nasikia mto unapita, nadhani bado ni ile ndoto.

Bwana, sijawahi kukuomba kitu. Nilibeba mizigo yako, nikaandika majina, nikanyamaza. Kaka yangu alitoa kidole kwa ajili yangu, na sasa ananitazama kama mtu aliyemuuza. Rudisha vioo. Kama huwezi vyote, rudisha chake.

Polikarpo


Dar es Salaam, 27 Julai 1905

Rafiki yangu Polikarpo,

Sanduku liko njiani. Amelibeba Evaristo, mpagazi wa Kilosa, kijana mwaminifu mwenye jicho moja jeupe, utamjua. Vioo vyote vimo, nimevifunga kimoja kimoja katika pamba. Atapita Kidodi na kushuka mpaka kivuko cha Ifakara, awaulizie watu wa Mofu.

Niliisoma barua yako mara nyingi. Kisha nikafanya kitu ambacho sijakifanya muda mrefu, nikakumbuka siku yenyewe. Wewe ulisimama kushoto kwangu. Ligonja akatoka mbele. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, na mimi nikafurahi moyoni kwamba watu hawa wananiamini. Katika kumbukumbu yangu siku zote picha huishia hapo. Safari hii nikageuka nyuma. Nyuma yangu alikuwa amesimama askari na bunduki yake. Alikuwa akila muwa. Hakumtisha mtu, alikula muwa tu. Lakini alikuwepo.

Nimekiandikia chuo kwamba sitaleta ushahidi wa Mofu. Najua watakalojibu. Kuna mwenzangu mmoja, kijana kuliko mimi, ana panya wengi katika vizimba na hahitaji ruhusa yao. Kazi atapewa yeye.

Usinihurumie. Jioni hii niko barazani, mikono yangu haina kitu, nami naiona myepesi. Labda nitakuwa mganga wa meli tena. Bahari nayo ina homa zake.

Msalimie kaka yako. Mwambie damu yake inarudi kwa miguu, kama alivyotaka, bila kupanda meli.

Lothar Wiesner


Mofu, 12 Agosti 1905

Bwana Mganga,

Usivitume.

Kama hukuvituma, usivitume. Kama umevituma, tuma mtu mwingine mwepesi amrudishe aliyevibeba. Sijapata jibu lako kwa ile barua ya mwezi uliopita, na kila siku naomba liwe bado hapana.

Nitakwambia sasa nilichoficha. Dawa ile ya nguruwe, si ya nguruwe tu. Ni ya vita. Wanasema risasi itakuwa maji. Watu wote wa bonde watakwenda kupigana na ninyi, na wamekubaliana kwenda Mahenge kwenye boma. Nilikuficha kwa sababu wewe ni Mdachi na hawa ni ndugu zangu. Hata sasa nakwambia kwa sababu nadhani mmekwisha jua.

Wiki hii mtu mmoja ameletwa kwa mtumbwi kutoka huko mashariki walikoanza. Anaitwa Likwelile, ni wa hapa hapa, alikwenda mapema kunyunyiziwa. Risasi iliingia ubavuni. Mimi na Ligonja tulimshusha. Alikuwa bado na bua la mtama kichwani, limekauka, anasema maneno matamu kama mtoto anayelala: mvua imefika, mvua imefika. Akafa akisema hivyo.

Wazee wakasema amevunja mwiko. Dawa haitaki mtu alale na mkewe. Mjane akatoka ndani, akasema, “Mimi nilikuwa kwetu tangu mafuriko. Alilala na nani, na kafi lake?” Lakini kesho yake vijana wa Namawala wakaondoka hivyo hivyo wakiimba.

Wa Mofu hawakuondoka. Ligonja alisimama ukingoni, akawatazama mpaka wakapotea kwenye matete. Hawezi kwenda, maji hayamshiki. Akarudi akachukua mundu akavuna mpunga, hasira yote kwenye mundu.

Jioni shemeji Emerensiana alinikuta napepeta. Akasema polepole, “Shemeji, wewe na karatasi zako. Mmenitukanisha mimi.”

Nikasema najua.

“Lakini wenzangu leo wamelala bila waume zao,” akasema, “na wangu yule pale anagombana na mpunga. Huyo Bwana Kidole akiuliza, mwambie damu ikae huko huko, hewa ya pwani inaifaa.”

Tukacheka, mimi na yeye, hata nikashika mdomo. Ndipo nikaelewa nilichokuomba.

Bwana, kaka yangu yuko hai kwa sababu kioo chake kiko kwako. Kikae. Panda nacho meli, wafundishe wenzako kwenye chuo kikuu, wakupe kazi yako. Mimi nitabeba mgongo wake anaponipa.

Polikarpo


Dar es Salaam, 19 Agosti 1905

Polikarpo,

Sijui kama barua hii itapata wa kuibeba. Matarishi wanakataa kutoka.

Mji umejaa askari wapya. Leo wamepita chini ya dirisha langu wakivuta bunduki ya mzinga, ile inayotema risasi kama mtama. Nikamuuliza ofisa ni kwa nini. Akasema, watu wa kusini wamekunywa maji ya mchawi.

Nimezitoa barua zako zote mbili. Mambo yote yamo. Dhara. Maji hayamshiki mtu ambaye damu yake iko mbali. Sitaki kusema mengi. Wewe uliandika kwa hofu, na mimi nikakuuliza kama maji yanachemshwa. Nimeishi muda mrefu nikipiga hodi milangoni kuuliza habari ya ugonjwa, hata mtu akinijibu habari ya kifo kingine, mimi nasikia ugonjwa tu.

Nilidhani ninawarudishia uhai wao. Kumbe nimetuma kitu ambacho, kikiwa kwangu, kilikuwa kinawazuia kwenda kufa.

Nilimtuma mtu amfuate Evaristo. Amerudi kutoka Kilosa, anasema mwenzake alikwisha pita zamani. Kama barua hii itakufikia kabla yake, mwambie Ligonja sanduku limepotea. Mwambie mimi ni mwongo. Mwambie Bwana Kidole ameuza damu yake Ulaya akapata ukubwa. Anione mbaya, abaki nyumbani.

Chuo hakijajibu, wala sijali watakavyojibu.

L. W.


Mofu, mwezi ule ule wa Agosti, siku imenipotea

Bwana Mganga, shikamoo.

Hakuna barua zinazokuja tena. Nyumba ya askari Ifakara imechomwa, kivuko hakina mtu. Naandika nyuma ya karatasi yako ya kwanza, nafasi ni ndogo. Nitamwachia shemeji, ataificha kwenye ghala la mpunga mpaka njia zifunguke.

Evaristo amefika. Jana binti mmoja anayeuza samaki alileta habari, kuna mtu mwenye jicho jeupe amejificha kwenye matete ng'ambo, ana sanduku. Nilivuka kumwona. Amekonda, Bwana. Anasema kila alipokamatwa njiani walitaka kumwua kwa kuwa ametoka kwa Wadachi. Akawaambia, nimebeba damu ya watu wa Mofu, nawarudishia. Wakamwacha, wakampa na ugali. Sanduku lako ndilo lililomvusha. Akanipa na barua yako ya tarehe ishirini na saba.

Niliisoma nikiwa nimekaa kwenye mtumbwi. Nikasoma pale ulipogeuka nyuma ukamwona askari na muwa wake. Mimi nilimwona siku ile ile, sikusema. Nilidhani na wewe unamwona.

Nilitaka kulichukua sanduku hapo hapo, lakini Evaristo alikuwa amelifukia, na vijana wa Namawala walikuwa wanapita. Tukapatana leo asubuhi.

Lakini yule binti hakuniambia mimi peke yangu. Nilipoamka nilimkuta Ligonja nje anajifunga nguo kiunoni. Ametabasamu, Bwana. Tangu mafuriko sijaona meno yake. Akaniwekea mkono kichwani, akasema, “Mdogo wangu, umenirudishia. Nilikufikiria vibaya.” Akasema yule mtu wa maji amerudi, anasubiri ng'ambo. Leo watafungua sanduku, kila mtu akabidhiwe kioo chake, wanyunyiziwe, na kesho Mofu yote inaondoka kwenda Mahenge. Akasema, “Utakaa na shemeji yako. Mtoto akizaliwa wa kiume, mwandike jina langu kwenye kioo.”

Nilitaka kumkumbusha habari ya Likwelile. Nilitaka kumwambia habari ya bunduki za boma. Nikawa samaki. Nikasema tu, nenda ukaazime mtumbwi mkubwa wa Mzee Kiponza, sanduku ni zito. Si zito. Nimelibeba mara nyingi, unajua.

Amekwenda. Nyumba ya Mzee Kiponza ni mbali kidogo, na mzee akianza kusalimia hamalizi upesi.

Ukungu umelala juu ya mto, mzito, mweupe kabisa, hata ukingo siuoni. Viboko wanapumua ndani yake kama watu wanaoota pamoja. Chini ya matete ya Evaristo kuna kilindi wanapolala, pondo halifiki chini, hakuna mtu wa Mofu atakayezamia hapo. Nitalifungia sanduku jiwe la kusagia la marehemu mama. Kioo changu nacho kimo ndani, kitalala karibu na cha kaka. Na kazi yako yote, Bwana, itakwenda hapo. Uliniletea niirudishe kwao, na mimi naizamisha. Kama ulitaka kulia, lia, mimi nimekwisha lia.

Damu ikiingia mtoni, sijui itahesabika imerudi au haikurudi. Sitamwuliza mtu. Ligonja nitamwambia ni mimi, asimtafute Evaristo. Atanipa tena mgongo, labda mpaka nife. Ni mgongo mpana, nimekulia nyuma yake, nitautazama tu.

Kwetu mkubwa hutangulia kuingia majini. Leo mdogo anatangulia.

Lazima niondoke sasa. Jua limegusa vilele vya milima na ukungu unaanza kuinuka kutoka kwenye mto. Ukishainuka, mtu akiwa huku ataona mpaka ng'ambo.

Polikarpo